Kula kwenye mgahawa wa Kifaransa wa jangwani: mwongozo kwa aliyealikwa Phoenix au Santa Fe

Jimbo la Arizona lina familia nyingi zinazoongea Kiswahili nyumbani, hasa za Wakongo na Warundi waliopokelewa kama wakimbizi na kupangiwa Phoenix au Tucson. Wengi wao wanaijua migahawa ya mji kwa mlango wa nyuma: kuosha vyombo, kukata mboga, kupiga deki ukumbi usiku wa manane. Mlango wa mbele ni habari nyingine. Kisha siku inafika, binti amehitimu chuo au meneja kazini anataka kukushukuru, na mahali palipochaguliwa ni mgahawa wa Kifaransa wa bei ya juu ambao menyu yake imejaa tamale, maharage na pilipili. Mwongozo huu ni wa siku hiyo. Utamfaa pia mgeni aliyetoka Nairobi au Dar kwa mkutano wa wiki moja.

Nimebeba sahani kwenye kumbi za namna hii, na ndugu wakiniuliza huwa nawaambia jambo moja kabla ya yote: utaratibu wa mezani ni wa Kifaransa, ladha ni ya jangwa la Marekani. Utaratibu unaufuata tu, hauna mjadala mrefu. Ladha unaiuliza, tena unaiuliza mpaka uridhike.

Kwanza, ujue unakwenda kula nini

Eneo linaloitwa Kusini-magharibi ya Marekani, yaani Arizona, New Mexico na vipande vya majimbo jirani, lilikuwa nchi ya Wahopi, Wapueblo, Wanavajo na Watohono O'odham kabla ya Wahispania kufika. Sehemu yake kubwa ilikuwa chini ya Mexico mpaka vita vya Mexico na Marekani vilipoisha mwaka 1848. Chakula chake cha asili ni mahindi, maharage, maboga na pilipili. Wafaransa hawakuwa wengi huko. Anayekumbukwa zaidi ni Jean-Baptiste Lamy, padri wa kutoka Auvergne aliyefika Santa Fe mwaka 1851, akaja kuwa askofu mkuu wake wa kwanza, na kanisa kuu alilolijenga kwa mtindo wa kwao bado limesimama katikati ya mji.

Jikoni, ndoa yenyewe ilifungwa miaka ya 1980. Wapishi waliofunzwa Kifaransa waliacha kuiga Paris na kuanza kununua kile wenyeji walichokuwa wanakula. John Sedlar, mzaliwa wa Santa Fe, alifanya hivyo kwenye mgahawa wake wa Saint Estèphe, karibu na Los Angeles. Vincent Guerithault, Mfaransa halisi, alifungua mgahawa barabara ya Camelback, Phoenix, mwaka 1986, akawaandalia watu tamale yenye nyama ya bata ndani. Mwaka 1993 akapewa tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa Kusini-magharibi. Tangu hapo mtindo huu umekuwa wa kawaida katika hoteli kubwa na migahawa ya gharama ya eneo hilo: sosi ya siagi ya Kifaransa, lakini ndani yake mna pilipili ya kukaushwa, mbavu za mwanakondoo, lakini zimechomwa kwa kuni za mesquite, mti wa miiba wa jangwani.

Kwa hiyo usiingie ukidhani kila kitu ni kigeni. Mahindi, maharage na pilipili vilifika pwani yetu kutoka bara hilohilo la Amerika, kwa majahazi ya Wareno. Utakaokutana nao mezani ni ndugu waliopotezana siku nyingi.

Hatua ya 1: Weka meza, na maliza maneno yote kwenye simu

Weka meza wiki moja au mbili kabla. Msimu wa watalii Phoenix ni Januari hadi Aprili, kunapokuwa na jua zuri huku kaskazini wanatetemeka, na kipindi hicho meza za Ijumaa na Jumamosi huisha upesi. Kiangazi mji unakuwa tanuri, watalii wanakimbia, na migahawa mingi hutoa menyu ya bei moja iliyopunguzwa. Kama unalipa mwenyewe, huo ndio wakati wa kwenda.

Unaweza kubuku kwenye mtandao, lakini nakushauri upige simu, kwa sababu simu ndiyo mahali pa kueleza mambo ambayo mezani yatakuletea aibu au haraka. Sema mpo wangapi. Sema kama kuna mtoto, maana baadhi ya kumbi hizi hazina hata kiti cha mtoto. Sema kama mnasherehekea kitu. Halafu sema msichokula, kwa maneno ya wazi: hatuli nguruwe na mafuta yake, hatunywi wala hatuli kilichopikwa kwa pombe, mmoja wetu ana mzio wa karanga. Jikoni wakijua saa tano kabla, wanaweza kutenga supu, kubadilisha sosi, hata kupika tamale nyingine. Wakijua sahani ikiwa imeshatoka, kilichobaki ni kukuomba radhi.

Watakuomba namba ya kadi ya benki. Ni kawaida. Uliza tu: nikighairi, ni mpaka lini bila kukatwa? Mara nyingi ni saa 24.

Na tafadhali chunga saa. Ukiambiwa 7:00 usiku ni saa moja, na nimeona watu wazima wakifika saa saba kichwani mwao na meza imeshapewa wengine. Tena Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi ilhali New Mexico inabadilisha, kwa hiyo anayekuja na gari kutoka Albuquerque mwezi wa Julai ataikuta Phoenix iko nyuma kwa saa moja. Ukichelewa dakika kumi, piga simu. Baada ya dakika kumi na tano wengi huiachia meza.

Hatua ya 2: Mavazi

Jangwani hawana ukali wa Paris au New York. Koti la suti si lazima sehemu nyingi; shati lenye kola, suruali isiyo ya jinzi iliyochanika, viatu vya kufunika vidole kwa wanaume, basi. Gauni la kitenge lililoshonwa vizuri linapendeza kuliko nguo nyeusi uliyoazima, na kanzu yenye koti juu haitamshangaza mtu. Utaona wazee wa hapo wamevaa kamba ya ngozi shingoni yenye kibanio cha fedha na jiwe la feruzi badala ya tai. Ndiyo bolo, vazi rasmi la shingoni la jimbo la Arizona tangu mwaka 1971, kwa hiyo usimcheke.

Beba mtandio au sweta. Nje inaweza kuwa nyuzi 42, ndani wamewasha kiyoyozi kama bucha.

Hatua ya 3: Kufika

Mlangoni kuna mtu wa kupokea wageni. Taja jina la aliyeweka meza, kisha subiri upelekwe. Usijitafutie kiti hata kama ukumbi ni mtupu. Kama kuna vijana wa kukuegeshea gari, unawapa ufunguo, unapewa kikaratasi, na dola tatu hadi tano unatoa wakati gari linarudishwa.

Kitambaa kilichokunjwa mezani ni cha mapajani. Kikunjue ukishakaa. Ukinyanyuka katikati ya mlo kiache juu ya kiti.

Mhudumu atajitambulisha kwa jina, nawe muite kwa jina hilo au inua mkono kidogo akuone. Zile namna zetu za kuita, kupiga mluzi, kusema "psst" au kugonga glasi kwa kijiko, hapa ni matusi. Atauliza maji gani. Maji ya chupa, yenye gesi au yasiyo na gesi, yanalipiwa na wakati mwingine ni dola nane au zaidi. Ukisema unataka ya bomba yenye barafu hulipi chochote, na hakuna atakayekudharau.

Hatua ya 4: Soma menyu bila haraka

Hapa ndipo watu wanapopata jasho, kwa sababu menyu ina Kifaransa, Kihispania na Kiingereza katika mstari mmoja. Maneno yanayorudi mara kwa mara si mengi.

*Tamale* ni donge la unga wa mahindi lililofungwa kwenye ganda la muhindi na kupikwa kwa mvuke, lenye nyama au mboga katikati. Mahindi yake huchemshwa kwanza na chokaa ili ganda la nje livuliwe. Unga unaotoka hapo huitwa *masa*, nao una harufu ambayo ugali hauna. *Posole* ni mahindi hayohayo yakiwa mazima ndani ya mchuzi, na Mkikuyu au Mkamba ataona kama githeri iliyopotelewa na maharage.

*Confit* ni nyama, mara nyingi paja la bata, iliyotiwa chumvi na kupikwa polepole ndani ya mafuta yake mwenyewe mpaka inaachia mfupa. *Beurre blanc* ni sosi ya siagi iliyopigwa juu ya divai nyeupe na siki. *Demi-glace* ni mchuzi mzito wa mifupa ya ndama uliochemka siku nzima, na mara nyingi una divai nyekundu. *Mole* ni sosi nzito ya Mexico yenye pilipili kavu, njugu, ufuta na wakati mwingine chokoleti. Mwenye mzio wa karanga asiiguse kabla ya kuuliza.

*Nopal* ni jani nene la dungusi kakati lililotolewa miiba, na tunda lake jekundu hutengenezewa sharubati na barafu tamu. *Amuse-bouche* ni tonge moja dogo linaloletwa bila kuagizwa. Halilipiwi, kwa hiyo usilirudishe ukidhani wamekosea meza. *Prix fixe* ni mlo kamili wa bei moja. Na angalizo moja la kukuokoa: neno *entrée*, ambalo mtu aliyesoma Kifaransa Bujumbura au Lubumbashi analijua kama chakula cha kuanzia, kwenye menyu ya Marekani ndilo jina la mlo mkuu.

Sasa pilipili. Menyu itataja Anaheim, poblano, ancho, jalapeño, chipotle. Ancho ni poblano iliyokaushwa. Chipotle ni jalapeño iliyokaushwa kwa moshi. Kwa kipimo cha ukali wa pilipili kiitwacho Scoville, ambacho kimetumika tangu 1912, Anaheim iko kati ya 500 na 2,500, poblano haifiki mbali na hapo, na jalapeño ni 2,500 hadi 8,000. Habanero, ambayo ni jamaa wa karibu wa pilipili mbuzi yetu, ni 100,000 hadi 350,000. Maana yake ni kwamba mhudumu akikuonya kwa uso wa huruma kuwa sosi ni kali, mshukuru, kisha agiza. Mtu aliyekulia kwenye kachumbari ya Zanzibar au pilipili ya Bukavu hatatokwa hata na kamasi. Pilipili za jangwani huwekwa kwa ajili ya moshi wake, utamu wake na rangi yake, na ukizitafuta kwa ukali tu utaona pesa yako imepotea.

Ukiwa New Mexico utaulizwa: nyekundu au ya kijani? Wanazungumzia sosi ya pilipili. Ukitaka zote mbili, jibu lao ni "Christmas". Mimi nachagua ya kijani kwa kuku na nyekundu kwa kitu chochote chenye mfupa, lakini kwa jambo hili majirani wa huko wameshanuniana.

Hatua ya 5: Uliza kilichojificha

Hatua hii ndiyo inayowahusu wasomaji wangu wengi, kwa sababu mezani kwetu kuna Waislamu, kuna Wasabato, na kuna waliookoka wasiogusa pombe kwa sura yoyote. Mapishi haya mawili, ya Kifaransa na ya jangwani, kila moja lina maficho yake.

Upande wa jangwani, mficho mkubwa ni mafuta ya nguruwe. Unga wa tamale kwa desturi hupigwa nayo ndiyo maana ni laini. Chapati za ngano za *tortilla* nazo huwa nayo, na maharage ya kupondwa na kukaangwa vilevile. Sahani inaweza kuandikwa tamale ya mboga na bado ikawa na nguruwe ndani ya unga. Migahawa mingi ya gharama siku hizi hutumia siagi au mafuta ya mbegu, lakini usikisie. Swali ni fupi: unga wa tamale umechanganywa na mafuta gani?

Upande wa Kifaransa, mficho ni divai. Karibu kila sosi ya kahawia huanza kwa kumwaga divai kwenye kikaango kilichotoka kupika nyama, ili kile kilichoganda chini kiachie. Beurre blanc haipo bila divai nyeupe. Kome hupikwa ndani yake. Kitindamlo hupigwa konyaki au likeri ya machungwa, na mapishi ya jangwani yanaongeza tequila kwenye sosi ya kamba. Watu husema pombe yote huruka ikichemka. Si kweli; hupungua kadiri muda unavyokwenda, na sosi ya dakika kumi bado inayo. Kama kwako hilo ni la dini, omba nyama au samaki wa kuchomwa, na sosi ya ndimu, mafuta ya zeituni na kotmiri badala yake. Jikoni wanayo yote hayo, na kutengeneza ni dakika tano.

Nguruwe yupo upande wa Kifaransa pia: vipande vidogo vya bekoni kwenye saladi, kwenye kuku wa divai, kwenye mboga za kukaanga. Na supu ya maboga au ya mahindi, ambayo inaonekana salama kabisa, mara nyingi imepikwa kwa mchuzi wa kuku. Kuku huyo, kama nyama nyingine zote hapo, kwa kawaida hakuchinjwa kihalali. Ndiyo maana Waislamu wengi ninaowajua huishia kwa samaki, na kwa bahati nzuri samaki ndipo wapishi hawa wanapoonyesha ufundi. Msabato naye aangalie kamba-koche na kamba wadogo, ambao huingizwa kwenye sosi na kwenye vijazio vya *chimichanga* (tortilla iliyofungwa na kukaangwa) na *quesadilla* (tortilla iliyokunjwa yenye jibini ndani) bila kutangazwa kwa herufi kubwa.

Usione haya kuuliza. Mhudumu mzuri hatakujibu kwa kukisia. Atakwenda jikoni na kurudi na jibu. Akijibu papo hapo "hakuna shida" huku anaangalia meza nyingine, rudia swali.

Hatua ya 6: Agiza kwa mpangilio

Mtu mmoja, kianzio kimoja na mlo mkuu mmoja vinatosha. Sehemu za Marekani ni kubwa hata kwenye meza ya Kifaransa. Kwa kuanzia, chukua kile kinachokuonyesha mchanganyiko wenyewe: tamale ya bata kama ipo, au maua ya maboga yaliyojazwa jibini ya mbuzi. Saladi ya Kaisari unaweza kuila uwanja wa ndege.

Mlo mkuu ukiwa nyama, utaulizwa iive kiasi gani. Sisi wengi tunataka iive kabisa, na hakuna ubaya wowote, ila kipande cha stiki cha dola sitini kikikaushwa hivyo kinakuwa kiatu, na mpishi hukasirika kimyakimya. Njia nzuri ni kuchagua nyama ambayo imeumbwa kuiva: mbavu fupi za ng'ombe zilizopikwa polepole, mguu wa mwanakondoo wa kuchemka, paja la bata la confit. Hizo hutoka laini na hazina tone la damu. Jihadhari na kidari cha bata, ambacho Wafaransa hukileta cha pinki katikati kwa makusudi.

Kama menyu ina *soufflé*, ile keki ya mayai inayofura na kupanda juu ya kikombe, iagize pamoja na chakula, si mwishoni. Inahitaji nusu saa hivi jikoni, na ikitoka ina dakika chache tu kabla ya kunywea.

Vinywaji: pombe ni kwa mwenye miaka 21 na zaidi, na hata mwenye mvi anaweza kuombwa kitambulisho, kwa hiyo mgeni abebe pasipoti. Asiyejua divai afungue orodha, aweke kidole kwenye bei anayoiweza na amwambie mhudumu, "nataka kitu cha aina hii." Ataelewa mara moja na wenzako hawatasikia namba. Asiyekunywa aulize kama wana *agua de jamaica*. Ni rozela, choya ileile ya nyumbani, imewekwa barafu na sukari kidogo.

Ukiwa mgeni wa mtu, msikilize mwenyeji anaagiza nini kwanza, kisha kaa kwenye kiwango chake cha bei. Ukiwa mwenyeji, mnong'oneze mhudumu mapema kwamba bili iletwe kwako. Hilo litawaepusha na ile vita ya mashemeji wawili kuvutana kadi mbele ya watu.

Hatua ya 7: Kula

Uma na visu vingi havina siri: anza na vya nje, ingia ndani kila sahani inapobadilika. Mkate ulio kushoto ndio wako. Ukate kwa mkono, tonge kwa tonge, upake siagi tonge hilo tu. Siagi ikiwa na wekundu, ina pilipili.

Tamale hufunguliwa ganda lake kwa uma na kisu, ganda likasogezwa pembeni. Haliliwi. Quesadilla iliyokatwa vipembe na taco ndogo huliwa kwa mkono bila mtu kukuangalia vibaya. Vingine vyote tumia uma. Kama una mazoea ya kutumia mkono wa kulia tu, kata nyama kwanza, laza kisu, hamishia uma kulia. Wamarekani wenyewe hula hivyo.

Subirini wote wahudumiwe kabla ya kuanza. Kuombea chakula ni sawa kabisa, fupi na kwa sauti ya chini. Ukiweka uma na kisu vikiwa vimeachana kwenye sahani, unasema bado unakula. Ukivilaza sambamba, unasema ondoa. Nimeona watu wakinyang'anywa nusu ya bata kwa sababu ya uma uliolazwa vibaya.

Sahani ikija si uliyoagiza, au ina kile ulichosema hukili, sema papo hapo kabla ya kula. Ustaarabu wetu wa kumeza na kunyamaza, kisha kulalamika kwenye gari, haumsaidii mtu. Wataondoa na kuleta nyingine, na mara nyingi hutalipia.

Hatua ya 8: Bili na bakshishi

Bili huja kwenye kijalada. Isome. Juu ya bei ya chakula kuna kodi, Phoenix karibu asilimia 9. Kisha bakshishi, ambayo haimo ndani ya bei na ambayo wewe ndiye unayeiandika: asilimia 18 hadi 20 ya bei kabla ya kodi kwa huduma nzuri ya kawaida.

Tuseme watu wawili mmekula na kunywa kwa dola 160. Kodi ni kama dola 14. Bakshishi ya asilimia 20 ni dola 32. Jumla ni dola 206 hivi. Hesabu hiyo ifanye nyumbani kabla ya kutoka, kwa sababu bei uliyoiona kwenye menyu inaongezeka zaidi ya robo kabla hujasimama.

Kwa wengi wetu bakshishi ni zawadi, unatoa ukipenda. Marekani ni mshahara. Sheria ya taifa inaruhusu mwajiri amlipe mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, mradi bakshishi izibe pengo. Arizona ina nafuu, lakini na huko mwajiri anaruhusiwa kumpunguzia mhudumu dola 3 kwa saa kutoka kima cha chini cha jimbo. Usipoacha kitu, mtu huyo amekuhudumia saa mbili kwa mshahara uliopunguzwa, na kati ya hiyo bakshishi anagawana na aliyeondoa vyombo, ambaye huenda ni mtu wa kwenu.

Kabla ya kuandika, tazama kama wameshaongeza. Kwa meza ya watu sita na zaidi, wengi huweka wenyewe asilimia 18 au 20, na ukiandika tena utalipa mara mbili. Ukilipa kwa kadi, mhudumu ataichukua na kurudi na karatasi mbili. Kwenye ile ya mgahawa andika bakshishi, andika jumla, weka sahihi, uiache. Nyingine ni yako. Itunze mpaka uone benki wamekata kiasi kilekile.

Hatua ya 9: Kuondoka

Chakula kilichobaki omba kifungwe. Hapa hata kwenye meza ya dola mia mbili watu hubeba mabaki, na mhudumu atakufungia vizuri. Paja la bata la jana likipashwa kwenye kikaango kikavu, ngozi chini, ni kifungua kinywa kizuri kuliko mayai.

Ila usiliache kwenye gari mkipitia kwa shangazi kunywa chai. Joto likizidi nyuzi 32, chakula kilichopikwa kikae nje ya friji kwa saa moja tu, na ndani ya gari lililoegeshwa jangwani joto hupita hapo hata jioni. Kama safari ni ndefu, weka kibaridi chenye barafu kwenye buti kabla hujatoka nyumbani.